Fundi Moja-kwa-Moja na Njia ya Jikoni

Jina lake halisi limebaki kwenye cheti cha ubatizo. Watu wote, kuanzia wateja hadi mchungaji wake, humwita Moja-kwa-Moja, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Ni fundi cherehani wa nguo za kike, mzee wa kanisa katika kanisa la Kiprotestanti nyuma ya soko, na mtu asiyeweza kukunja pindo bila kuhubiri. Hubiri lenyewe ni lilelile kila siku: mwenye shida na Yesu aende kwa Yesu moja kwa moja.

Ubaya wake, au tuseme uzuri wake, chumba cha kazi anakichangia na Mkatoliki. Huyu wanamwita Rozari, kwa sababu rozari yake huning'inia kwenye shingo ya cherehani na kucheza kila akikanyaga. Wamezeeka hivyo, cherehani zao zikitazamana, wakitumia meza moja ya kukatia na pasi moja ya mkaa. Asubuhi mmoja huwasha mkaa, mwingine hutia mashine zote mbili mafuta, na kabla pasi haijapata moto ubishi umeshapata.

"Mama yule ni mwema, nani amekataa?" Moja-kwa-Moja husema. "Nitamheshimu mpaka nife. Lakini Mwana yuko sebuleni, mlango wazi, ananingoja. Ya nini nizungukie jikoni?"

Rozari hujibu taratibu, pini zikiwa mdomoni, kwamba anayeingia nyumba ya watu akampita mama wa nyumba bila hata salamu, huyo hakulelewa. Hapo watahamia kwenye ile harusi ya Kana iliyoishiwa divai. Moja-kwa-Moja atashikilia kwamba Yesu alimwambia mama yake saa yake bado. Rozari atauliza kwa upole kama divai haikupatikana. Kisha watafika kwa ndugu zake Yesu, mmoja akisema walikuwa watoto wa Maria, mwingine akisema walikuwa binamu tu, na kwani wao wenyewe hawawaiti binamu zao ndugu? Wateja waliokuja kubadilishiwa kifungo huketi mpaka adhuhuri. Siku moja ubishi ulimpanda Moja-kwa-Moja kichwani hata akasahau kugeuza kitambaa, akakata mikono miwili ya kushoto kwa blauzi moja, na mpaka leo anadai kosa lilikuwa la kitambaa.

Basi siku moja Rozari alikwenda kununua zipu, na Moja-kwa-Moja akaishiwa na uzi mweupe. Akafungua kabati la mwenzake, kama afanyavyo siku zote. Nyuma ya magauni ya wateja, chini ya shuka kuukuu, akakuta gauni jeupe la harusi, halijawekwa pindo.

Akalitoa kulisifu, maana Rozari ni fundi, hilo hata shetani hawezi kulikana. Akalitandaza mezani, akapitisha kiganja mabegani, na kiganja kikasimama. Bega la kulia lilikuwa chini kidogo kuliko la kushoto, na kwa ndani limewekewa sponji jembamba ili lionekane sawa. Sponji lile alilijua. Binti yake alianguka kutoka juu ya ukuta akiwa mdogo, bega likapona vibaya, na tangu siku hiyo baba yake ndiye aliyemshonea kila nguo na kulificha bega hilo watu wasilione. Hapakuwa na bega jingine kama lile mjini.

Rozari aliporudi alimkuta amekaa, gauni mapajani. Hakuwa na pa kukimbilia. Akasema binti amepata mchumba, kijana mpole, fundi umeme, tena Mkatoliki. Mama mtu analijua jambo hilo tangu mwanzo, anatafuta saa nzuri ya kumwambia mumewe, na saa nzuri zimekuwa adimu. Yeye aliombwa ashone na afunge mdomo.

Moja-kwa-Moja alikwenda nyumbani bila kuvua tepu ya kupimia shingoni. Mkewe alikuwa uani anaanua nguo, na alipoiona ile tepu tu akajua siri imetoka.

"Mtoto wangu mwenyewe," Moja-kwa-Moja alisema, "akuambie wewe, amwambie Rozari, aambie na uzi na sindano, mimi anipite?"

Mkewe alikunja shati kwanza, akaliweka kapuni. "Ni lini mtoto wa nyumba hii alikuja kwako moja kwa moja?" aliuliza. Akaanza kumhesabia, bila hasira. Kaka mtu alipofeli mtihani, alipitia kwa mama. Mdogo wao alipotaka kuacha shule ya ufundi, kwa mama. Viatu, safari, hata jino lililouma, kwa mama. "Na wewe ulipogombana na kaka yangu, nani alikwenda kukuombea msamaha? Mume wangu, nyumba nzima hii ni Wakatoliki. Umebaki peke yako."

Angeweza kucheka, kwa kuwa maneno yalikuwa mazuri na siku nyingine angeyarudia kazini. Lakini yalimchoma. Alisema yeye si mkali. Mkewe akachukua shati jingine, akaendelea kukunja.

Kesho yake alimsimulia Rozari yote, akasubiri kuchekwa. Alistahili, maana hoja ilikuwa imemwangukia mwenzake mkononi kama embe bivu. Rozari hakuichukua.

"Mkeo amekosea," alisema. "Sisi hatumwendei Mama kwa sababu Mwana anatisha. Mwana hatishi. Tunamwendea kwa sababu ukimpenda mtu, na mama yake anakuwa wako."

Moja-kwa-Moja alilifikiria hilo mpaka pasi ikapoa. Hakuliafiki, na hakuwa na haraka ya kuliafiki. Lililomkaa rohoni lilikuwa jingine: kama Yesu hatishi, basi anayetisha ni yeye. Maisha yake yote amewahimiza watu kumwendea Mwana bila woga, na nyumbani kwake watoto wanapita kandokando ya ukuta wasikutane na baba. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, na juu yake hofu kwamba binti ataolewa na kuondoka bila kumwambia lolote la moyoni.

Binti alikuwa anakuja kujipima gauni Jumatano mchana, saa ambayo baba yake huwa kwenye kipindi cha maombi. Jumatano hiyo baba hakwenda. Binti aliingia akiwa bado na sare yake ya uuguzi, akamwona, akashika kitasa cha mlango.

"Shikamoo, baba. Mama amekwambia?"

"Marahaba. Mama yako hajaniambia neno, bega ndilo lililosema. Sasa nataka uniambie wewe."

Binti alimtazama Rozari. Rozari, kwa huruma, akaanza: fundi mwenzangu, mtoto alitaka tu kusema kwamba...

"Wewe shona," Moja-kwa-Moja alimkata. Kisha akaketi kwenye stuli ya wateja na kukunja mikono, akanyamaza. Waliomjua wangesema anaumwa. Binti alianza kueleza kijana huyo alivyo, akaacha. Akaanza anavyofanya kazi, akaacha. Mwishowe akasema, "Baba, nakuogopa. Tangu zamani."

Machozi yalimlenga Moja-kwa-Moja. "Nimesikia," alisema. "Endelea."

Akaendelea. Kwanza kwa kusitasita, kisha kama bomba lililozibuliwa: walivyokutana zahanati umeme ulipokatika, ubishi wao juu ya kanisa la kufungia ndoa, mtoto atabatizwa wapi, na lile bega, kwamba kijana aliliona siku ya kwanza na halikumshughulisha. Binti alipolivaa gauni, baba yake alipiga magoti kupima pindo, akisikiliza. Alisema wazi kwamba suala la kanisa halijampendeza na watalizungumza, tena sana. Binti alisema anajua, akacheka, na hakukimbilia mlango.

"Sasa huyo kijana," Moja-kwa-Moja aliuliza akiwa chini, "mbona hajaja mwenyewe?"

"Anakuogopa kunishinda mimi."

Fundi aliweka pini moja, ya pili, ya tatu. Cherehani ya Rozari ilikuwa imesimama.

"Mwambie aje Jumamosi," alisema. Halafu, bila kuinua kichwa: "Na kama anaogopa sana, basi aje na mama yake."