Shibiri Moja ya Uzi

Mume wangu alikuwa dresa wa zahanati kule Iyula, na saa yake ya mfukoni ilikuwa inakata roho. Hakubabaika. Kabla haijafa kabisa alifunga kijiwe kwenye uzi, akaurefusha na kuufupisha mpaka kijiwe kikawa kinakwenda na kurudi mara thelathini kwa dakika. Akauning'iniza ukutani. Mgonjwa akija, anamshika mkono, anakisukuma kijiwe, anahesabu mapigo ya moyo.

Mimi, bibi harusi wa miezi mitatu, kijiwe nilikiheshimu. Nilikipangusa kila asubuhi! Uzi niliuona uzi tu.

Masika yale mama mkwe akashikwa na homa ya mapafu. Mapigo mia na ishirini. Jioni jirani akaleta kuku wa supu. Nikakata shibiri moja ya uzi wa kijiwe nikamfunga mguu, kijiwe nikakifunga tena nchani.

Asubuhi mume wangu akahesabu tena. Mia na nne.

"Anapata nafuu," akasema, machozi yanamlenga. "Kwa mvua hii hatumbebi. Machela ingoje."

Hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa siku nzima. Lakini mama alikuwa anahema kuliko jana, na kijiwe, jamani, kilikuwa na haraka. Nikisema, nitarudishwa kwetu. Nisiposema, mama huyu aliyenipokea kwa mikono miwili atakufa.

"Bwana, nimekata uzi. Lakini kijiwe ni kile kile!"

"Kijiwe hata kingekuwa jabali! Mwendo unatoka kwenye urefu. Uzi ukiwa mfupi, dakika yangu inakwisha mapema, mapigo nayapunja. Kipande kiko wapi?"

Kilikuwa mguuni mwa kuku, na kuku alikwisha kujichomoa, yumo kwenye mibuni. Tulimkimbiza mvuani, dresa mzima na suruali yake ya kazi, tukianguka kwenye matope. Tukaunga uzi. Mia na ishirini na sita. Saa ile ile wabebaji wakaitwa.

Baada ya wiki tatu mama alirudi kwa miguu yake. Nilipiga magoti kumwamkia, uso chini, maana nilijua alikwisha kuambiwa. Akaketi chini ya kile kijiwe, akaninyooshea mkono.

"Nihesabu wewe, mwanangu."

Nilifika kumi na mbili, kilio kikanipotezea hesabu. Akaniambia nianze upya.