Grid view iliporuka na picha za kupamba, mama wa bi harusi yuko kando yangu

Wakuu, salaam aleikum. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Kisauni, wallahi sijaongeza hata chembe.

Mimi ni mwanamke, napiga picha za harusi, hasa za kupamba. Kwa msiojua mambo ya pwani, kupamba ni sherehe ya wanawake watupu. Bi harusi hukaa jukwaani kichwa wazi, kapambwa kapambika. Simu za wageni huachwa mlangoni, na picha zile mwanamume wa nje haruhusiwi kuziona.

Siku moja picha ikinivuja, nani ataniita tena?

Basi wiki jana Bi Mwanaisha, mama wa bi harusi, alikuja studio. Akaniomba nitume picha ya nikaha kwenye group la familia, ile bwana harusi kashikana mkono na baba mkwe. Group lina wajomba, mashemeji, mpaka imamu wa mtaani.

Na mimi nilikuwa nimemwaga nikaha na kupamba folder moja.

Nikafungua grid view, ile inayopanga picha safu safu. Computer yangu imechoka, thumbnail, vile vipicha vidogo, zinaingia kwa madaha. Picha ndefu ikishatokea, safu yake inapanuka na zote za chini zinasukumwa. (Aliyetengeneza file manager hii sijui alikuwa na haraka ya wapi.)

Nikaiona ya nikaha. Nikaclick. Papo hapo grid ikaruka, click ikaangukia picha nyingine, na kidole kikawa kishapiga Enter.

Kwenye group naona ukungu tu na kiduara kinazunguka. Nataka kufuta, computer imeganda.

"Mwanangu, umetuma ipi?"

Nikamwambia sijui. Wakuu, niliogopa hasa. Nilimfikiria yule binti, alivyojiachia mbele ya kamera yangu bila wasiwasi wowote.

Simu ya Bi Mwanaisha ikaanza kulia mfululizo. Akaifungua, akafunika uso, mabega yakamtikisika. Nikajua analia.

Kumbe anacheka.

Niliyotuma ni picha ya viatu! Rundo la viatu vya wanawake mlangoni mwa ukumbi, vya dhahabu na vya fedha, na katikati makubadhi makubwa ya kiume. Mumewe ameshaandika: "Makubadhi yangu hayo. Nami nimemnunia jirani wiki nzima nikidhani kayachukua."

Bi Mwanaisha akaniambia kwa sauti ya chini kuwa visigino vilimshinda, akayavaa ya mumewe chini ya gauni, kisha akayasahau ukumbini.

Halafu akaniangalia.

"Sasa mwanangu, na hii ifute."

Nikamwambia imechelewa, mzee ameshaiweka profile picture.

Nilichojifunza: kupamba ina folder yake, na kabla ya kutuma naweka list view nisome jina la faili. Thumbnail zikiwa bado zinaingia, mkono naukalia.

Haya, nanyi grid view imewahi kuwarusha wapi? Na anayejua file manager iliyotulia anitajie, nina harusi nyingine Changamwe.