Watoto Wawili wa Mama Ojakol

Chemchemi iliyo chini ya reli, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Malaba, ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote. Ukichafua maji, kwa kufua nguo juu ya bomba au kuosha miguu pale watu wanapoteka, utazibua mfereji peke yako kwa siku saba, asubuhi, wakati akina mama wamejaa pale na mitungi yao. Hakuna atakayekutukana. Watakutazama tu. Mlinzi wa sheria hiyo ni Amoit, mjane wa miaka sitini na mitatu, ingawa hakuna jirani anayemwita Amoit. Wote humwita Mama Ojakol, kwa jina la kifungua mimba wake.

Callistus Omagor alikua akinywa maji hayo. Alipomaliza diploma yake ya mazingira alirudi nyumbani akiwaka moto. Aliitisha mikutano palepale chemchemini, akawaeleza watu kwamba akili mnemba, ile inayojibu maswali kwenye simu, haiishi hewani. Ina majumba yake, yamejaa mitambo inayopata joto mchana na usiku, na mingi hupozwa kwa maji.

"Maji ya nani?" aliuliza, akipiga ngumi kiganjani. "Na wenyewe waliulizwa?"

"Prof, simu yangu mimi ni ya tochi," Naliaka, muuza mihogo, alimjibu siku moja. "Hiyo pia inakunywa?"

Watu walicheka, lakini mkutano uliofuata walirudi. Mama Ojakol ndiye aliyesikiliza kuliko wote. "Kwa hivyo hata huko wanahitaji mtu wa kuchunga mfereji," alisema, na Callistus akatembea kifua mbele wiki nzima.

Basi shirika moja la Nairobi lilipotangaza ufadhili kwa vikundi vinavyofundisha jamii kuhusu maji na akili mnemba, kila mtu alimwambia kwamba huo ni wake. Ungetosha kuendesha masomo mwaka mzima katika chemchemi sita, na kununua vifaa vya kupima maji. Callistus hakuwa na njia nyingine ya kuyapata hayo. Aliutaka ufadhili ule kama mgonjwa anavyotaka dawa.

Fomu iliomba kisa cha maisha ya mtu mmoja wa chemchemini. Alikuwa na wiki tatu za kwenda kuketi na Mama Ojakol na kumuuliza. Hakwenda. Kila siku kulikuwa na mkutano, kulikuwa na hotuba. Siku ya mwisho, mchana, alijikuta kwenye saiba, duka la kukodisha kompyuta, mjini Malaba, malori yakipiga honi nje, na nafasi ile kwenye fomu ingali tupu. Akaifungua mashine ileile aliyokuwa akiihubiria watu. Akaandika: mjane, jina lake Amoit, watoto wawili, mlinzi wa chemchemi. Weka kisa cha kugusa moyo.

Kisa kilikuja kabla hajakohoa. Amoit hakujua hatari ya maji machafu mpaka kipindupindu kilipowachukua watoto wake wote wawili katika wiki moja.

Callistus alikisoma. Tena alikisoma mara mbili. Alikuwa amemwona Ojakol asubuhi hiyohiyo kwenye laini ya malori yanayongoja kuvuka mpaka, akinunua chapati. Mercyline, binti, alikuwa na cherehani yake sokoni Butula. Kidole kilikwenda kufuta, kikasita. Maneno yalikuwa mazuri. Huko Nairobi nani anawajua? Akatuma.

Miezi miwili baadaye alikuja Vivianne, mkaguzi wa shirika lile. Ukaguzi wake ulikuwa hatua ya mwisho. Akina mama walifagia, viti vikaletwa kutoka kanisani. Vivianne alimsalimu kila mmoja kwa mkono, kisha akafungua faili.

"Kabla ya yote," alisema, "nampa Mama Amoit pole. Kisa chake kilitutoa machozi sote ofisini. Kuzika watoto wawili wiki moja, halafu bado uwe na nguvu ya kulinda maji..."

Pale kwao mtoto aliye hai hatajwi pamoja na wafu, hata kwa mzaha. Naliaka alitua mtungi wake chini polepole.

"Watoto gani?" Mama Ojakol aliuliza.

Vivianne alitazama karatasi. "Hapa imeandikwa wawili."

"Mimi nilizaa wawili tu."

Alifungua fundo la leso, akatoa simu, akabonyeza, akaiinua wote wasikie.

"Ojakol, uko wapi?"

"Niko laini, mama. Tangu jana hatujasonga. Kwani kuna nini?"

"Unapumua?"

"Ati? Mama, leo umekunywa nini?"

"Jibu!"

"Napumua, mama. Napumua."

Akampigia Mercyline. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Callistus, ambaye hakuwa mtu wa kusali sana, aliomba simu ile ipokewe kuliko alivyowahi kuuomba ufadhili. Mara ya tatu sauti ilisikika: "Mama, niko na mteja, si ungengoja kidogo?" Mama Ojakol alifumba macho.

Vivianne alimgeukia Callistus. "Nani aliandika hii?"

Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni: yule kijana wa saiba, alikosea kuchapa. Ungeweza kupita. Kisha akamwona Mama Ojakol amefumbata simu kwa mikono yote miwili.

"Mashine iliandika," alisema. "Lakini mimi niliisoma. Nilijua ni uongo, nikatuma."

Vivianne hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Ombi hili haliwezi kuendelea," alisema kwa upole, akafunga faili.

Gari lake lilipoondoka, watu walitawanyika bila kumwangalia Callistus. Mama Ojakol alibaki kupanga viti.

"Mama, nisamehe."

"Ungeniuliza," alisema, bila kusimamisha kazi. "Ningekuambia vile tulichunga haya maji miaka yote ile, na watoto wetu wakapona. Hiyo haikutosha kuandika?"

Callistus alikuwa ameishi chini ya sheria ile maisha yake yote, akiwafundisha wenye kuijua, na hakuandika hata mstari mmoja juu yake.

Kesho yake asubuhi, hakuna aliyemtuma, alishuka chemchemini na jembe, akaingia mferejini. Tope lilimfika magotini. Akina mama walikuwa wamejaa. Walimtazama tu.

Kisha zikasikika kandambili nyuma yake. Ojakol, macho mekundu kwa kulala kwenye lori, aliuruka mfereji, akatega mtungi kwenye bomba.

"Umeona ajabu, prof?" alisema bila kucheka. "Siku hizi maiti wanajitekea maji."

Callistus aliinamisha kichwa, akachota tope jingine. Zilibaki siku sita.