Wifi Anasema Nilikula Kuku Wake, Kwa Hiyo Mbwa Wangu Ni Wake

Admin, nifichie jina ila kisa usikipunguze. Na wale wa "ni mbwa tu huyo" wapite moja kwa moja, leo sina uvumilivu nao.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, naishi Makoko hapa Musoma na mume wangu. Ndoa yetu ina miaka tisa na Mungu hajatupa mtoto. Nina mbwa anaitwa Bosi. Mama yake aligongwa na gari yeye akiwa hajafumbua hata macho, nikamlea kwa kumkamulia mdomoni maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa hadi akasimama. Mume wangu akisafiri kikazi, Bosi ndiye anayenipokea mlangoni. Basi mnielewe.

Mwezi wa sita tulipanga likizo, twende Dodoma kwa dada yangu. Jirani aliyekuwa akinilishia Bosi alikuwa amehama, na mume wangu akasema tumwache kwa dada yake Kabasa, Bunda, ana uwanja mkubwa. Wifi huyo hajawahi kunipenda, lakini mwenye shida hachagui. Tukampakia Bosi kwenye pikapu ya rafiki wa mume wangu, tukalala huko Kabasa ili asubuhi tupandie basi hapo hapo.

Jioni ile wifi akaja na kuku jike mweusi, kamfunga miguu. Akanikabidhi kwa mikono miwili, mume wangu akiwa amekaa pale pale.

"Wifi, pokea huyu, mkale njiani."

Nikapiga goti nikashukuru. Nilimchinja mwenyewe, nikamkaanga, tukamla kwenye basi. Mume wangu nilimpa paja. Nikamwambia, "Dada yako siku hizi amebadilika." Akatafuna tu, anatazama dirishani.

Sasa niwaeleze wasio wa huku. Kwetu mbwa hanunuliwi wala hatolewi bure. Anayemtaka analeta kuku, na mwenye mbwa akimpokea akamla, mbwa ameshahama. Mila hiyo naijua tangu mdogo. Lakini nani anawaza mila akipewa kitoweo cha safari?

Tuliporudi tukapitia Kabasa. Nilimkuta Bosi kafungwa mnyororo kwenye mlango wa stoo ya mahindi, shingo imechubuka. Aliponiona alilia. Nikainama nimfungue, wifi akanipiga mkono.

"Acha mbwa wa watu. Kuku si ulikula?"

"Ulisema ni wa njiani!"

"Kuku wa mbwa analiwaga wapi? Popote. Hapa amepata watoto wa kucheza nao. Kwako ana nani?"

Alisema hivyo mbele ya watoto wake. Nikamgeukia mume wangu. Akasema, "Twende, tutakosa gari." Nilimbana njia nzima hadi akatapika ukweli: walishakubaliana kwenye simu kabla hatujaondoka. Eti nilikuwa nampenda mbwa kupita kiasi, watu wanacheka, akitoka nitatulia. Nilimchukia pale pale kwenye kiti, na hadi leo bado namchukia.

Nikaenda Butiama kwa mama mkwe, aniambie kama kuna njia. Mama wa watu hakunificha.

"Njia ipo, mkamwana. Unamrudishiaga kuku wa rangi ile ile. Ila ujue ukirudisha kuku umerudisha na undugu. Hamtakula pamoja tena, hata msiba ukitokea, hakuna atakayekanyaga kwa mwenzake."

Nilipomweleza mume wangu, alijibu kwa mkato: "Ukimpeleka huyo kuku Kabasa, Makoko usirudi."

Ndugu zangu, kuku jike mweusi nimeshampata. Nimemfunga mguu kwenye meza ya jikoni, na kila asubuhi mume wangu anamruka akienda kazini. Jumamosi kuna gari la Bunda. Huko Kabasa, Bosi wangu bado yuko kwenye mnyororo, anadhani nimemtupa.

Mliopitia ya wakwe, semeni nami bila kunionea haya. Nimpeleke huyu kuku ndoa ife, au nibaki nikimpikia mwanaume aliyekula lile paja huku akijua anakula nini?