Lori la Mkebe Alilodaiwa Baba

Nianze kwa kuwataja waliokuwapo siku hiyo, maana deni hutaka mashahidi. Alikuwapo bibi yetu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita ayeyo, ameketi mkekani na tasbihi mkononi. Alikuwapo ndugu wa baba, adeer wetu, aliyekuja kutoka Tarbaj na vumbi la safari bado limemganda kwenye nyusi. Alikuwapo mwalimu jirani, mtu wa bara aliyeletwa Garissa na kazi, amevua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Alikuwapo mdogo wangu wa kike, na alikuwapo kitinda mimba wetu, mvulana ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka. Na mimi, kifungua mimba, nimeshika birika la chai. Basi. Wengine waliokuja kuhani msiba walikuwa wamekwisha kuondoka.

Juzi nilipita pale ulipokuwa ua wetu. Nyumba ya mabati imeng'olewa, na mafundi wanapandisha jengo la maduka. Nilisimama kando, nikajiambia naondoka sasa hivi, nisiondoke. Fundi mmoja alikuwa akifunga vyuma vya nguzo. Akakata waya, tak, akaukunja, akakata mwingine. Vidole vyangu vikaanza kucheza vyenyewe ndani ya buibui. Ndipo ile siku ikanirudia, na tangu hapo sijatulia, rafiki yangu; kwa hiyo nakusimulia wewe.

Tulikuwa katika matanga ya baba. Unajua desturi yetu: mtu akizikwa, ndugu zake husimama kuuliza nani anamdai marehemu, ili asilale kaburini na mzigo wa watu. Adeer alikwisha kuuliza makaburini mbele ya wanaume. Pale uani aliuliza tena kwa ajili ya jirani. Nyumbani tulisema Kisomali, lakini kwa mwalimu ilibidi atumie Kiswahili, kile chake ambacho p hugeuka b njiani.

"Mwalimu, kama ndugu yangu iko na deni yako, sema. Usiogoba. Sisi naliba."

Mwalimu akatikisa kichwa. Akasema baba hakuwahi kumkopa hata njiti ya kiberiti. Yeye mwalimu ndiye aliyemaliza nyirinyiri za nyumba ile, nyama yetu ya kukaangwa na kuhifadhiwa kwa samli. Adeer akashukuru, na jambo lilikuwa limekwisha, kama si sauti ndogo iliyotoka nyuma ya mgongo wa ayeyo.

"Mimi namdai lori."

Mwalimu alitabasamu. Dada alimfinya mwenye sauti. Adeer alicheka puani, kicheko cha mtu aliyechoka. Ayeyo hakucheka.

"Alikuahidi?"

"Aliniahidi. Alisema likiisha ni langu."

"Basi ni deni," ayeyo akasema, "na deni la maiti halichekwi. Nani atalilipa?"

Hakutaja jina. Walinigeukia mimi, wote, hata yule mtoto.

Nikueleze kuhusu malori. Baba alikuwa msaidizi wa dereva kwenye lori la mifugo lililokwenda Wajir na kurudi, na kila aliporudi alitushukia na harufu ya mbuzi, maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi, na kitu kwa ajili yangu: waya, spoki za baiskeli, mkebe wa mafuta ya msaada uliokwisha. Nilitengeneza malori tangu sijajua kusoma. Nilichoma vipande vya tairi kuukuu nyuma ya nyumba ili nipate waya wa ndani, moshi mweusi ukanifukuza huku na huku, majirani wakalalamika nguo zao kwenye kamba. Mkebe ulikuwa bodi. Vizibo vya soda vilikuwa taa. Magurudumu yalikatwa kwenye soli za malapa yaliyochakaa. Juu niliweka vyuma vya kuzuia mifugo, na kipande cha gunia la sukari kikawa turubai. Nilifanya kazi kwenye kivuli kidogo cha mti wa mathenge kando ya ukuta, mchana ule wa Garissa ambao hata korongo wa jalalani husimama na midomo wazi, na sikusikia joto.

Wavulana wa mtaa walinicheka. "We, msichana wa gereji! Mahari yako itakuwa spana!"

"Na wewe utakuwa abiria tu," nilikuwa nikiwajibu, na baba akisikia hucheka hadi kukohoa. Baadaye alikohoa bila kucheka.

Alipoacha kusafiri, alikaa nami kivulini. Hakuwahi kutengeneza lori maishani, lakini aliomba waya, akaanza mwenyewe kusokota fremu, huku kitinda mimba wetu, asiyemkumbuka marehemu mama hata sura, amejilaza kwenye paja lake. Fremu ilipokamilika akanipa. "Malizia wewe," alisema. Hakuamka tena kuja kivulini.

Kwa hiyo kazi ilikuwa ndogo tu, si ndiyo? Mkebe, magurudumu, taa. Sikuweza.

Nilikuwa nimeacha shule. Alfajiri nilikoroga unga wa anjera, mikate yetu ya maji, nikapika hadi jua lichomoze, nikabeba chai na anjera zenye sukari na mafuta ya simsim kwenda kuuza soko la mifugo, nikarudi kungoja mkokoteni wa punda wa maji. Hayo yote niliyafanya bila kuchelewa. Lakini ikifika saa ya kukaa kivulini, mwili haukutaka kukaa. Naishika fremu, naigeuza, naitundika tena kwenye msumari. Nakwenda kuchungulia pipa la maji, nalikuta limejaa kama nilivyoliacha. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Nakaa, nainuka. Nilikuwa kama mbuzi aliyesikia harufu ya fisi na haoni fisi. Kitinda mimba alipita tu chini ya ule msumari, akatazama juu, akapita.

Mwalimu aliniona. Alikuwa mtu mwema. Alisema nijipangie muda kila siku, hata kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Alisema wengi wa wanaoanza kitu hawakimalizi, nisiwe mmoja wao. Kisha akaninunulia plaisi mpya yenye mpini mwekundu. Nilimshukuru kwa moyo, nikaisugua kwa mafuta isishike kutu, na sikukata nayo hata waya mmoja. Ikawa sasa nina vitu viwili vya kuvikwepa.

Halafu adeer akatuma habari kwamba anakuja kumchukua mvulana akalelewe Tarbaj pamoja na wanawe. Wakubwa walikuwa wamekubaliana. Watoto watatu kwa bibi mmoja ni mzigo. Akafika jioni na pikapu ya mfanyabiashara, akasema kesho baada ya swala ya alasiri wanaondoka.

"Siendi," kitinda mimba akasema.

"Kwa nini, mwanangu? Kuna ngamia kule. Utakunywa maziwa mpaka uote ndevu."

"Sijalipwa. Adeer, si wewe uliyeuliza?"

Adeer angeweza kumbeba mzegamzega, lakini mtu aliyesimama akauliza deni mbele ya watu hawezi kumkwepa mdai kwa sababu ni mfupi. Alinitazama, akanawa mikono, akala chakula chake.

Asubuhi yake ayeyo aliniita mkekani. "Lete hiyo fremu. Ina nini?"

Unaona, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wote waliuliza mimi nina nini.

"Inavuta kushoto," nikasema. Nilishangaa jinsi maneno yalivyotoka upesi. "Kila nikiweka spoki, gurudumu moja linakaa juu. Pale nyuma pamesokotwa upande. Nimejaribu kuegemeza, nimejaribu kuongeza waya huku. Bado inavuta."

"Kwa nini hukuikunjua?"

"Aliikunja abo," nikasema; baba tulimwita hivyo.

Ayeyo aliipokea, akaigeuza. Alikuwa amezaliwa kwenye safari za ngamia, na maneno yake mengi yalitoka huko. Akasema mzigo ukiinama njiani, mvivu hufunga jiwe upande wa pili ili usawazike. Ngamia hutembea hivyo kutwa, na jioni mgongo una kidonda. "Sisi tulimpigisha magoti," alisema. "Tulifungua kamba zote mpaka mkeka wa mwisho. Hata kama aliyefunga ni mama yako. Halafu tukapakia upya."

Kisha akaanza kuukunjua waya.

Nilipiga kelele. Nilimshika kifundo cha mkono, mimi ambaye sikuwahi kumgusa bila adabu. "Ayeyo, acha! Ndiyo iliyobaki!"

Hakuuondoa mkono wangu. Aliendelea tu, polepole, kwa kucha zake ngumu, msokoto baada ya msokoto, na midomo yake ikitembea bila sauti. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba aliyesokota waya ule alikuwa mwanawe kabla ya kuwa baba yangu. Nikamwachia mkono. Alipomaliza, mkekani palikuwa na nyaya zilizolala sambamba, zimepindapinda kidogo pale zilipokuwa zimekunjwa, wala hukuweza kusema zimetoka wapi.

"Sasa pakia," akasema, akarudia tasbihi yake.

Sikwenda kuangalia maji. Sikufagia. Nilikaa kivulini na plaisi ya mwalimu, na mkato wa kwanza nilioukata ulinitoa jasho la mgongo, kisha wa pili ukaja wenyewe. Nilitumia nyaya zile zile. Nilizipima kwa shubiri, nikafunga pembe, nikaweka sakafuni: ilitulia, haikuyumba. Ilipofika adhuhuri mkebe ulikuwa umekatwa na kukunjwa kingo zisimkate mtoto. Nilikuwa nikiimba, dada aliniambia baadaye, mimi sikujisikia.

Magurudumu ndiyo yaliyotukwamisha. Malapa ya baba yalikwisha kutolewa sadaka pamoja na nguo zake. Nilizunguka jalalani, nikapata soli moja iliyooza kwa jua, ikavunjika kama biskuti. Niliporudi, dada alikuwa amesimama kivulini ameshika malapa yake ya Idi, ya buluu, ambayo alikuwa akiyaosha kila jioni na kuyalaza chini ya kitanda.

"Kata."

"Utaendea shule nini?"

"Miguu. Kata, abaayo," akasema, akiniita dada kwa Kisomali, "kabla sijapata akili."

Niliyakata.

Honi ya pikapu ililia wakati nafunga kizibo cha mwisho. Adeer akamwambia mwalimu, aliyekuja kuaga, "Mwalimu, bikabu iko tayari, lakini sisi nangoja fundi." Hakuna aliyecheka. Kitinda mimba alilichukua lori, akalipindua kwanza, akalichungulia chini kama dalali anavyochungulia meno ya mbuzi. Akalifunga kamba. Akalivuta kutoka mlangoni hadi langoni, na sote tulitazama magurudumu tu, si mtoto. Lilikwenda moja kwa moja. Mchangani ziliachwa alama mbili zilizonyooka.

Akarudi, akasimama mbele ya adeer, kifua mbele.

"Nimelipwa," akasema. "Abo hana deni."

"Alhamdulillahi," ayeyo akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijifunika uso kwa shungi, na mabega yake yakatikisika. Kitinda mimba akapanda pikapu bila kulia, lori kwenye magoti yake. Tuliliona vumbi lao hadi barabara ya Wajir.

Mengi hayapo tena. Ayeyo amelala karibu na mwanawe. Mwalimu alihamishwa, nikasikia amestaafu kwao. Mafuta siku hizi huja kwenye madumu ya plastiki, na watoto wa mtaa wana vigari vya dukani vinavyowaka taa na kufa kabla ya wiki kwisha. Harufu ya tairi linaloungua sijaisikia miaka mingi, wala simlaumu jirani yeyote. Kitinda mimba ni mtu mzima, ana mifugo na watoto, na huniita mama akinipigia simu, ingawa hakupewa ruhusa.

Lakini kuna jambo la jioni ile ambalo halikwisha. Pikapu ilipoondoka, dada alibaki langoni, amesimama kwa mguu mmoja, anachomoa mwiba wa mathenge kwenye unyayo. Bila kuinua kichwa akasema, "Na langu lini?"

"Lako lipi?"

"Nimetoa magurudumu, abaayo. Sijatoa bure."

Nilimwambia kesho.

Sasa anafanya kazi ofisini Takaba, ana kabati la viatu. Kila ninapomtembelea humpelekea jozi nyingine. Huipokea, huivaa pale pale, hutembea nayo sebuleni akijitazama, kisha husema, "Asante. Na lori?" Nami hujibu kesho, inshallah, nikirudi nyumbani nachukua waya, nauweka, nakwenda kuangalia maji. Hajanisamehe deni lile, wala mimi sijamwomba.