Santuri ya Bi Mwanashaa

Enzi zetu mtu akijiita mwimbaji tulimwuliza ameimba wapi na nani kamsikia. Siku hizi haulizwi. Kijana anajifungia chumbani asubuhi na simu yake, anakohoa mara mbili, mashine inamnyoosha sauti, na ikifika adhuhuri keshakuwa staa, miwani ya jua usoni mpaka ndani ya nyumba. Mjukuu wangu Abuu ni mmoja wao. Ana nyimbo kumi na moja, na hajawahi kuimba hata mmoja mbele ya watu akaumaliza.

Sisi wa Ngamiani tulikulia nyumba moja na mwimbaji hasa. Bi Mwanashaa alikuwa dada yake bibi yangu, na chumba chake kilitazama uani. Katika usichana wake aliimba kwenye harusi za pwani yote, Pangani hadi Moa, kisha akapanda meli kwenda Bombay na mpiga udi wake na mpiga fidla, akatia nyimbo nane kwenye santuri. Huko hapakuwa na wa kukunyoosha. Alituambia ukikosea sahani ya santuri imeharibika, mnaanza upya, na mwenye mashine anakutazama kama umemwibia.

Mimi nilipopata akili pumu ilikwishaimaliza sauti yake. Santuri nazo zilikuwa zimevunjika, nyingine zimeazimwa na watu wasio na haya ya kurudisha. Ilibaki moja, na karatasi yake ya katikati ililiwa na mende, jina halisomeki. Kila Ijumaa baada ya alasiri aliizungusha gramafoni kwa mkono na kuishusha sindano juu ya santuri, nasi tuliacha mchezo wa rede, tukanawa miguu, tukaketi mkekani. Vitumbua vya moto viko mbele yetu na hakuna anayethubutu kutafuna. Mama alikuwa akisema, "Masikio nayo yana adabu. Yaketisheni." Sauti ilianza chini, ikapanda taratibu, nyembamba na safi, mpaka ukajikuta umezuia pumzi. Abuu hawezi kusikiliza kitu zaidi ya sekunde tano bila kidole kumwasha.

Jirani yetu Bi Rukia hakuwahi kuingia Ijumaa zile, lakini mdomo wake uliingia kila nyumba. Siku moja akasema bombani, mbele ya wanawake na ndoo zao, "Bombay ya wapi? Yule kafika Korogwe, karudi."

Maneno yalimfikia Bi Mwanashaa kabla ndoo hazijajaa. Aliwaalika wanawake wa mtaa mzima Ijumaa iliyofuata, na Bi Rukia wa kwanza, waje wasikie kwa masikio yao.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu mgeni hapokelewi na nyumba isiyofukizwa, na siku ile kufukiza nilipewa mimi. Unatia udi kwenye makaa ya chetezo, unakifunika kwa tenga la fito, kisha unatandaza nguo juu ya tenga ishike harufu. Nilifukiza kanga, nikafukiza foronya, nikafukiza hata kitambaa cha gramafoni. Kisha nikaiona santuri. Niliona vibaya kwamba kila kitu kinanukia isipokuwa yenyewe ambayo watu wanaijia. Nikailaza juu ya tenga, nikaenda zangu kupanga vikombe.

Niliporudi ilikuwa imelegea na kuzama katikati, kingo zimejikunja kama chapati iliyoachwa juani.

Bi Mwanashaa aliingia akanikuta nimeishika. Nilingoja kofi. Aliichukua, akaitazama pande zote mbili, akaisukuma chini ya kitanda. "Jifute machozi," alisema. "Kawafungulie wageni."

Wageni wakaketi, wakamtazama. Alisimama kando ya gramafoni na kitambaa chake kinachonukia, akasema, "Niwieni radhi. Leo hamtasikia kitu. Sindano imekatika."

Bi Rukia alicheka mpaka akashika ubavu. Alikula vitumbua vyetu huku anacheka. Bi Mwanashaa akawamiminia kahawa mmoja mmoja, na Bi Rukia akamjazia kikombe mara mbili. Tangu siku hiyo mtaa ulimwita Bi Sindano. Aliitikia. Alizikwa na jina hilo, na mimi niliyejua nilikuwa msibani nakoroga uji, kimya.

Santuri ninayo kwenye sanduku langu. Mpaka leo inanukia udi.

Juzi Abuu alikuja na simu yake. Anakusanya habari za waimbaji wa zamani, eti wafuasi wake wanapenda. Hata shikamoo aliitoa macho yakiwa kwenye kioo. Nikampa yote, meli na Bombay na nyimbo nane, naye akinirekodi. Kisha akauliza, "Sasa Bibi, kama aliimba kweli, mbona hakuna hata wimbo mmoja?"

Ni swali la Bi Rukia lile lile. Sanduku lilikuwa hatua mbili kutoka nilipoketi. Mimi ninayewasimanga vijana kwamba hawajui kutunza kitu, nilimtazama mjukuu wangu, nikamjibu, "Sindano ilikatika."

Akatikisa kichwa, akazima, akaenda zake. Enzi zetu uongo kama huo ungezeeka na msemaji wake ukafa naye. Huu wangu umo kwenye simu ya Abuu, unasikika vizuri kabisa, na Bi Mwanashaa hasikiki popote.