Milimita Tatu za Dada

Dada yangu amechapa miaka ishirini na miwili: kalenda, kadi za harusi, mabango ya wagombea walioshinda na walioanguka. Wino umejikita chini ya kucha zake hata sabuni imesalimu amri. Hebu niambie, mtu kama huyo anapelekwa shule akasomee nini?

Lakini bosi alipata zabuni kubwa, na masharti yakataka msimamizi wa uchapaji awe na cheti cha awali cha usanifu wa michoro.

"Elimu haina mwisho, mama," bosi akamwambia. "Kilete kabla ya mwaka kwisha, kiti kibaki chako. La sivyo namleta mwenye nacho."

Mwenye nacho alikuwa mkwe wa bosi mwenyewe, mtu asiyejua hata mashine inawashiwa wapi.

Basi Dada akajiandikisha. Miezi sita, kila Jumamosi, akakaa mstari wa mbele na kumsikiliza mwalimu aliye rika la kifungua mimba wake, fundi wa matangazo ya mtandaoni ambaye hajawahi kuchafuka wino. Shemeji alimtania kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Dada hakucheka, na mimi pia sikucheka, kwa sababu kisu cha kukatia karatasi hapohapo kazini kwake ni kazi yangu na sikutaka kuamrishwa na mkwe wa mtu.

Kwenye mtihani walitakiwa kubuni bango. Dada akaacha rangi ivuke mstari wa kukatia kwa milimita tatu kila upande. Kila mchapaji hufanya hivyo, maana kisu huyumba kidogo, na usipoacha ziada, ukingo mweupe unachungulia.

"Rangi yako imetoka nje ya mstari, mama," mwalimu alisema.

"Nimeitoa makusudi, mwalimu."

"Mstari ni mstari." Akamkata alama kumi. Nilikasirika kuliko Dada mwenyewe.

Wiki tatu tukakaa bila matokeo. Kisha, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, chuo kikaleta vyeti vichapwe kwetu. Arobaini, vimebuniwa na mwalimu yuleyule. Dada akafungua faili, akashuka na majina taratibu, na kwenye la thelathini na saba akavua miwani. Amepita. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshaona kitu kingine: fremu ya buluu imeishia palepale kwenye mstari wa kukatia, bila ziada hata chembe. Akampigia mwalimu simu.

"Fremu itakatika vibaya. Niongeze milimita tatu?"

"Usiguse, mama. Chapa kama ilivyo. Wewe hata cheti bado hujapokea."

Dada akakata simu. Akaongeza milimita tatu kwenye vyeti vyote isipokuwa kimoja, akachapa, nami nikakata.

Mwalimu alipokuja kuvichukua, alivipekua akatabasamu. "Umeona? Nilikwambia viko sawa." Nikamfungia kifurushi, akaondoka nacho.

Cheti cha Dada hakikwenda naye. Kinaning'inia juu ya kiti chake, fremu nene upande mmoja, upande wa pili ukingo mweupe umekwenda kombo. Bosi alikitazama, akakunja uso.

"Mbona chako tu ndicho kimeharibika?"

"Hakijaharibika," Dada alisema, akivaa miwani arudi kazini. "Hicho nimekichapa kama nilivyofundishwa."